Upepo wa Jumanne

Simu inaita saa tisa na robo, usiku.
Si mtu. Ni gridi.
Maneno mawili, kama mwenye nyumba anayedai kodi:
Simamisha kinu.

Kubonyeza kitufe kungetosha,
lakini huwa navaa buti nikapanda kilima,
kama mtu anayemsindikiza mgonjwa hadi mlangoni pa wodi.
Dhoruba imekuja na jamaa zake wote,
inawabana kondoo kwenye kona ya ukuta,
inachota chumvi baharini na kuipaka madirishani.
Upepo wa kulisha visiwa vitatu,
na mimi nimetumwa kuufungia mlango.

Mapanga matatu yanageuza ubavu,
yanazunguka polepole, yanaona haya,
yanatulia.

Sababu naijua kwa moyo. Nimeieleza kanisani, dukani,
kwenye foleni ya kivuko:
waya uliolala chini ya bahari, kati yetu na bara la Uskoti,
ulinunuliwa zamani, uje kutupa, si kutuchukulia.
Ni mwembamba. Ukishiba, umeshiba.

Penye miti hapana wajenzi, husemwa.
Sisi miti hatuna, upepo uliikataa;
wajenzi tunao, na kinu tulikisimika wenyewe.
Kilichokosekana ni pa kutokea.

Kule chini dirisha moja lina mwanga.
Thora Foubister, miaka themanini na moja,
amevaa koti la marehemu mumewe
na anaitazama mita.
Mwaka ule aliuza mitamba wawili akanunua hisa za kinu.
Cheti chake kiko jikoni, ndani ya fremu.
Kinu chake kimesimama.
Umeme anaununua.

Asubuhi ananikuta dukani.
"Mansie, jana usiku tumemwaga kiasi gani?"
Tumemwaga, anasema, kama vile ni maziwa.
Namwambia. Anapiga hesabu kwa kipimo anachokijua:
mabirika elfu arobaini ya chai.
"Na mimi nimelala na soksi mbili."

Vuli iliyofuata yakaja masanduku.
Matofali ndani ya bati, mazito kama dhambi,
wanaume wanne kwa sanduku moja, Erlend aliumia kidole.
Sasa simu ikiita, kinu hakifungwi chote:
sehemu ya upepo inateremka kilimani
ikaingia kwenye matofali ya Thora
na ya nyumba nyingine kumi na nane.
Sitaita ushindi. Bado kuna usiku ambao napanda, nafunga, nateremka.
Ila nimemwona akiweka kiganja juu ya bati
siku ya Alhamisi, nje kumetulia tuli,
akisema, "Huu ni upepo wa Jumanne."

Akiba haiozi. Hii hupoa,
lakini hupoa taratibu.

Kisha Februari, ukungu.
Siku sita upepo haukuja, wala haukutuma salamu.
Mapanga yalining'inia kama nguo zilizosahauliwa kambani.
Matofali yakapoa, moja baada ya jingine,
nikasikia watu wakisema chini chini:
sasa kinu chako kitatupikia nini?
Na taa ziliwaka.
Ziliwaka kwa waya ule ule nilioutukana,
kwa mvua iliyonyesha kwenye milima ya watu nisiowajua,
ikalala bwawani, ikangoja zamu yake.

Nilimweleza Thora. Akanimiminia chai, hakunitazama.
"Basi waya naye ni jirani," alisema.
"Mlango wake mdogo, hilo tu.
Andikeni barua, aongezewe mlango."
Tumeandika. Barua ya nne.
Wanajibu kwa karatasi nzuri.

Usiku wa saba, saa kumi alfajiri,
bati la banda likagonga mara moja.
Likagonga tena.
Nikaketi kitandani, buti miguuni,
nikiingoja simu inikere.